Mombasa Iliyouzwa kwa Dola Sita

Leo naweka kazi kando kidogo tuzungumze gemu. Sio gemu ya Gor Mahia na Ingwe, hiyo ina wenyewe. Nazungumzia zile za konsoli, na hasa kitu kimoja ambacho kimewatia wachezaji hasira kwa miaka 20 sasa: nyongeza za kupakua, maarufu kama DLC. Unanunua gemu, unafika nyumbani, halafu unaambiwa kuna kipande kingine kinauzwa kando. Au unaambiwa kipande kipo, lakini ni cha wenye mashine ile nyingine, si yako wewe.

Historia hii imeshasimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara anayesimulia yuko Marekani au Ulaya. Mimi nitaianzia Mombasa.

Tarehe 25 Aprili 2005, furushi dogo la ramani mbili za Halo 2 liliwekwa sokoni kwenye Xbox Live, huduma ya mtandaoni ya Microsoft. Bei ilikuwa dola 5.99, ambazo kwa kiwango cha wakati ule zilikuwa kama shilingi 450 hivi. Ramani moja iliitwa Sanctuary. Ya pili iliitwa Turf, na Turf ni mtaa: barabara nyembamba, kuta, vichochoro vya kujificha mwenzako asikuone. Mtaa wenyewe uko Mombasa ya kale, katika mwaka 2552, wakati binadamu wanapigana na viumbe kutoka sayari nyingine. Halo 2 yenyewe, iliyotoka Novemba 2004, ilikuwa imeshampeleka mchezaji Mombasa katika hadithi yake. Kampuni ya Bungie, iliyoiunda, ilisimamisha pale mnara wa kupandia angani, mrefu kupita mawingu, na kuuita jiji jipya New Mombasa. Gemu hiyo iliingiza dola milioni 125 siku yake ya kwanza huko Marekani.

Kwa hiyo miongoni mwa ramani za mwanzo kabisa kuuzwa kwa pesa kama faili ya kupakua kwenye konsoli, kulikuwa na mtaa wa Kenya. Na hapakuwa na njia yoyote halali ya mtu mwenye anwani ya Kenya kuununua. Xbox Live ilizinduliwa Marekani Novemba 2002 na kuenea nchi kadhaa, lakini huku kwetu haikuwapo. Afrika Kusini iliingizwa mwaka 2010. Ukifungua akaunti ulipewa orodha ya nchi uchague yako, na Kenya haikuwamo. Mvita ilikuwamo ndani ya gemu, lakini haikuwamo kwenye fomu!

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaolalamikia DLC. Malalamiko yao ni mawili: bei, na mashine. Yote ni ya haki, nitayafikia. Lakini huku kulikuwa na la tatu lililotangulia hayo yote, nalo ni anwani. Ugomvi wa bei ni wa watu walioruhusiwa kuingia dukani.

Turudi nyuma kidogo. Nyongeza si jambo geni. Zamani zilikuja kwenye CD, zikiwa nene: StarCraft ilipata Brood War mwaka 1998, Age of Empires ikapata The Rise of Rome mwaka huo huo. Ulilipa, ukapata sanduku, ukampa binamu yako akimaliza shule. Na kulikuwa na nyongeza za bure pia. Waundaji wa Total Annihilation ya mwaka 1997 walikuwa wakitoa vikosi vipya kupitia mtandao, mchezaji anapakua tu bila kulipa. Kilichobadilisha mambo upande wa konsoli ni chuma. Xbox ya kwanza, ya Novemba 2001, ilikuja na diski kuu ya gigabaiti 8 ndani yake. Konsoli ikawa na mahali pa kuhifadhi kitu kilichonunuliwa baada ya gemu yenyewe kununuliwa, na mwaka uliofuata ikapata duka la kukinunulia.

Ramani za kulipia zina tatizo ambalo wauzaji waliligundua mapema. Ukinunua Turf na mimi sijanunua, hatuwezi kucheza pamoja Turf. Kila furushi linalouzwa linawagawa wachezaji makundi mawili, na kila kundi linasubiri muda mrefu zaidi kupata wapinzani. Dawa iliyotumika kwa Halo 2 ilikuwa ya kungoja: miezi michache baadaye, mwaka huo huo wa 2005, ramani zilizouzwa zikawa bure. Ukilipa unalipia kutangulia. Tena Julai 2005 ilitoka diski ya dola 19.99 yenye ramani zote tisa kwa wale wasio na mtandao. Kumbuka hiyo diski, nitairudia.

Nairobi ya miaka hiyo haikuwa ikingoja Xbox, tusidanganyane. Ilikuwa nchi ya PS2. Kwenye vibanda vya gemu mtaani ulilipa bob kumi kwa mechi, ukishindwa unampisha mwenzako. PS2 nyingi zilikuwa zimetiwa chipu, na diski za kuchomwa ziliuzwa mjini kwa shilingi mia moja hivi. Na hizo diski zilikuwa na DLC yao! Watu fulani, sijui wa wapi, walikuwa wakichukua gemu ya mpira ya zamani, wakabadilisha vikosi na jezi za msimu mpya, na diski ikafika downtown kabla ligi ya Uingereza haijafika Krismasi. Sheria za hakimiliki zilivunjwa mchana kweupe, sibishi. Lakini nataka uone picha: mtoto wa Nairobi alijua nyongeza ni kitu unachonunua kwa sarafu, unakishika mkononi, kinafanya kazi. Hakujua habari ya kuomba ruhusa.

Huko kwingine ruhusa ilikuwa inaanza kuuzwa rejareja. Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliuza vazi la chuma la farasi katika Oblivion kwa pointi 200 za Microsoft, sawa na dola 2.50. Farasi! Vazi halikubadilisha hadithi, lilibadilisha sura ya farasi. Kicheko cha mwaka ule bado kinasikika kila gemu mpya inapouza mavazi. Na zile pointi zenyewe zilikuwa na ujanja wake: 80 zilikuwa dola moja, na ziliuzwa kwa mafungu, hukuweza kununua 200 tupu. Siku zote ulibaki na chenji ambayo haitoshi kitu. Ni kama duka linalokurudishia peremende badala ya sarafu, tunalijua hilo vizuri. Microsoft waliziacha pointi mwaka 2013.

Mimi naandika programu za malipo kila siku, kwa hiyo acha nieleze kinachouzwa hasa. Faili ni ile ile kwa kila mtu duniani. Mara nyingine iko tayari kwenye diski uliyonunua. Mwezi Machi 2012 Street Fighter X Tekken ilitoka ikiwa na wapiganaji 12 wamefungiwa ndani ya diski, na wachezaji wakapandwa na hasira kwelikweli. Capcom walijitetea kwamba ilikuwa ili aliyenunua na asiyenunua waweze kupigana bila shida. Kiufundi utetezi huo una mantiki, maana mashine yangu lazima iwe na picha ya mpiganaji wako ili inionyeshe ukinipiga. Lakini unaona basi kwamba ulichonunua si mpiganaji. Ulinunua mstari mmoja kwenye jedwali la seva fulani, unaosema akaunti hii inaruhusiwa kufungua bidhaa ile. Mstari huo una safu zake: nani, nini, tangu lini. Na mahali fulani kwenye akaunti kuna safu nyingine iitwayo nchi.

Kwenye Xbox 360 ruhusa ilifungwa sehemu mbili, kwa mashine iliyopakua na kwa akaunti iliyolipa. Ukibadilisha mashine, nyongeza zako zilifunguka tu ukiwa umeingia mtandaoni, mpaka uhamishe leseni. Aliyebuni hivyo alikuwa na intaneti isiyokatika. Kenya, hadi katikati ya mwaka 2009, ilikuwa ikiunganishwa na dunia kwa setilaiti, polepole na kwa bei ya kukufanya uhesabu kila megabaiti.

Ule ugomvi wa pili, wa mashine, ulikuwa na bei inayojulikana. Microsoft waliilipa Take-Two dola milioni 50 ili vipindi viwili vya nyongeza vya GTA IV vitoke kwenye Xbox 360 peke yake. The Lost and Damned ilitoka Februari 2009, The Ballad of Gay Tony ikafuata Oktoba, kila kimoja pointi 1600, yaani dola 20. Wa PlayStation 3 wakangoja hadi Aprili 2010. Na hapa sitawalaani waundaji. Vile vilikuwa vipindi kamili vyenye wahusika wao na kazi ya miezi mingi, na kazi hulipwa. Linalonikera ni kwamba milioni 50 hizo hazikuongeza hata barabara moja ndani ya gemu ile. Zililipia mwenzako akose. Hata hivyo vipindi vyote viwili vilitolewa pia kwenye diski moja isiyohitaji GTA IV, na ni kwa diski hiyo wengi wa huku walivicheza.

Sasa twende Kitisuru. Kabla hujanionea wivu, nilikulia huko kwenye nyumba ya nyuma, ile ya watumishi. Mama alikuwa mpishi wa familia iliyofanya kazi Gigiri kwa Umoja wa Mataifa. Kwenye nyumba kubwa kulikuwa na kijana rika langu, na kijana alikuwa na Xbox 360. Akaunti yake ilikuwa na anwani ya nyanya yake huko Marekani. Tulikaa ndani ya lango moja, tukatumia umeme mmoja na waya mmoja wa intaneti, lakini kwa duka lile yeye alikuwa Mmarekani na mimi sikuwepo kabisa. Sikuwa na wivu sana, nakwambia kweli. Nilikuwa na swali: lile duka linajuaje?

Ilikuwa mwisho wa 2009, na mwaka huo Mombasa ilikuwa habari mara mbili. Kwanza Mombasa yenyewe: Juni waya wa TEAMS ulifika pwani yake kutoka Fujairah, na Julai SEACOM ikawashwa. Intaneti ya Kenya ikaanza kupita chini ya bahari, ikiingilia kisiwani. Kisha Septemba 22 ikatoka Halo 3: ODST, na gemu nzima iko New Mombasa. Unatembea usiku, mvua inanyesha, saksafoni inalia, mji umehamwa. Na majina ya sehemu zake! Kizingo Boulevard. Kikowani Station. Tayari Plaza. Mtu fulani kule Bungie alikuwa amefungua ramani ya Mombasa kikweli, kwa sababu Kizingo ipo, Kikowani ipo, na ukimwambia makanga Mwembe Tayari atakushusha. Mlinzi wa lango letu, mtu wa Kisauni, aliingia kuleta mfuko wa mkaa akasimama kutazama. Akasema Kizingo hiyo haina hata mkorosho mmoja, na akatoka.

ODST ilikuwa na ugomvi wake huko nje. Ilipotangazwa Oktoba 2008 ikiitwa Recon, watu walielewa kwamba ni nyongeza ya Halo 3, na ilipofika ikawa na bei ya gemu kamili, dola 59.99. Sajini Johnson, mmoja wa wahusika wanaopendwa zaidi, alifunguka katika mapambano ya Firefight kwa walioagiza mapema kwenye maduka fulani. Ndani ya sanduku kulikuwa na diski ya pili yenye ramani zote 24 za Halo 3, na walioshanunua ramani hizo furushi baada ya furushi wakanung'unika kwamba wameuziwa mara mbili. Kwetu mambo yalikuwa kinyume. Ile diski ya pili, iliyowaudhi, ndiyo njia pekee ambayo mtu asiye na nyanya Marekani angezipata ramani zile kihalali. M-Pesa ilikuwa na umri wa miaka miwili. Mama alikuwa akituma pesa Kakamega kwa sekunde chache kutoka jikoni, na hakuna simu Kenya nzima iliyoweza kununua pointi 800.

Miaka iliyofuata naipita haraka, maana ni wimbo ule ule ukipandishwa sauti. Machi 2010 Modern Warfare 2 iliuza ramani tano kwa dola 15, mbili zikiwa za zamani kutoka Call of Duty 4, na Xbox ikatangulia kwa mwezi mmoja hivi. Mwaka 2015 mkataba wa kutangulia ukahamia kwa Sony, na waliokuwa wakicheka wakalia. Machi 2009 FIFA 09 ilikuwa imeshapata Ultimate Team, nyongeza ya kulipia ambayo ndani yake unanunua pakiti za kadi za wachezaji bila kujua utapata nani. Hiyo mimi siiiti nyongeza, ni bahati nasibu iliyovaa jezi. Tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji iliona hivyo hivyo mwaka 2018, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo.

Lakini Mombasa haikuwa imemaliza kuuzwa. Novemba 2014 ilitoka The Master Chief Collection, mkusanyo wa Halo kwenye Xbox One, ukiwa na hitilafu nyingi za kuunganisha wachezaji. Kama fidia, hadithi ya ODST ikatolewa bure kwa waliocheza wiki zile za mwanzo, na Mei 2015 wengine wote wakauziwa kwa dola 5. Mvita tena, faili ya kupakua tena, na bei karibu ile ile ya 2005.

Mwaka 2020 mkusanyo ule ulikuwa ukifika kwenye kompyuta, gemu moja moja, kupitia Steam. Halo 2 ilifika Mei, ODST Septemba. Steam haikuniuliza nyanya. Ilitaka kadi ya benki na ikakubali kwamba naishi Kenya, ikanitajia bei kwa dola. Nilikuwa chuo, tumefungiwa nyumbani na korona, na Turf ilikuwa ndani pamoja na ramani zote za Halo 2 bila malipo ya kando. Miaka 15 baada ya kuuzwa mara ya kwanza, nikaingia mtaa ule nikiwa na anwani yangu mwenyewe. Nilipigwa vibaya na watoto wa Ulaya, ping yangu ikiwa juu ya 150, lakini niliingia.

Ungedhani mambo yameisha hapo, hasa tangu Juni 2022 Safaricom na Visa walipoleta kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay. Pesa ilipata njia. Anwani ikarudi. Februari 2024 Sony walitoa Helldivers 2 kwenye PlayStation 5 na kwenye Steam, na tarehe 3 Mei wakatangaza kwamba wachezaji wa Steam watalazimika kuunganisha akaunti ya PlayStation Network. Huduma hiyo Kenya haipo rasmi. Gemu ikaondolewa kuuzwa katika nchi na maeneo 177, na walioshalipa wakaanza kujiuliza kama wataendelea kucheza. Baada ya siku tatu za makelele Sony walifuta sharti, lakini kuuzwa hakukurudi papo hapo katika nchi zile. Niliwaona wenzetu wa Ulaya wakishangaa kwamba kampuni inaweza kuuza kitu kisha ikauliza unaishi wapi. Nikacheka kidogo, Mungu anisamehe.

Na ukuta wa mashine? Huo unabomoka wenyewe, kwa sababu za pesa. Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba Halo ya kwanza, ikiwa imeundwa upya, itafika PlayStation 5 mwaka 2026. Mtu wa mwaka 2005 angekuona mwendawazimu ukimwambia hivyo.

Nilisema nitairudia ile diski. Xbox Live ya konsoli ya kwanza ilizimwa tarehe 15 Aprili 2010. Duka la Xbox 360 nalo lilifungwa tarehe 29 Julai 2024. Huwezi tena kuipakua Turf kwenye Xbox ya kwanza, hata uwe na anwani ya Ikulu ya Marekani. Diski ya Julai 2005 lakini inafanya kazi: unaiweka, inanakili ramani tisa kwenye diski kuu, unaitoa, unaweka Halo 2, unacheza na mwenzako sebuleni. Haiulizi seva yoyote. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue ameniwekea Xbox ya kwanza iliyo nzima, na Halo 2 nimeshapata. Kilichobaki ni hiyo diski. Kama unayo, au unamjua mtu wa Eastleigh mwenye sanduku la gemu za Dubai ambalo halijafunguliwa tangu enzi hizo, niambie bei yako. Nalipa kwa M-Pesa.